Nilivyomwandika Marigu

Jumatatu, 7 Machi 1955. Embu.

Asubuhi yote nasahihisha kurasa. Wino hadi viwikoni. Bwana Miwani, mzungu wetu wa gazeti, amefuta neno langu moja na kuweka lake, kama kila Jumatatu. Niliandika kwamba watu wanne walipigwa risasi mtoni mikono ikiwa imefungwa. Sasa imekuwa "magaidi wanne walizuiwa wakikimbia". Walikimbiaje, sijui. Sikuuliza. Mhariri ni yeye, na mashine ya kuchapia ni ya serikali, na mimi ni Mmeru mwenye pasi ya kutembea inayotiwa sahihi na mtu wake.

Kisha akanikumbusha ukurasa wangu. Habari Njema za Wilaya. Kila wiki nitafute kisa kimoja cha watu kupatana. "Watu nachoka na vita," akasema. "Wewe iko mwalimu wa misheni. Wewe najua mambo ya neema." Miezi minane sasa nalipwa kuandika neema. Wiki iliyopita niliandika juu ya chifu aliyegawa mbegu za viazi. Zilikuwa zimeoza. Hilo halikuingia.

Naona kinyaa. Siandiki zaidi leo.

Jumatano, 9 Machi

Nimetoka Runyenjes. Baiskeli imenivunja mgongo.

Niliingia kile kijiji kipya cha juu, walikohamishiwa watu kwa nguvu. Nyumba mia na zaidi zimebanana kwenye mteremko ambao zamani ungetosha maboma matano. Handaki pande zote, miti iliyochongwa imesimikwa chini yake. Wanawake ndio waliolichimba na bado wanalichimba. Homgadi, mlinzi wa kijiji aliyepewa silaha na serikali, amekaa juu ya kifusi anakula muwa na kuwatemea makapi karibu na miguu. Nikamsalimu vizuri sana. Nilijichukia kwa jinsi nilivyomsalimu vizuri.

Pembeni kabisa, ukingoni mwa handaki, kuna nyumba ya mama mmoja, Rwamba. Mwanawe yuko msituni na wapiganaji. Inasemekana ndiye aliyeongoza kundi lililomuua homgadi mmoja wa hapo hapo mwaka jana. Chifu ametoa amri: Rwamba asipewe kitu na mtu. Asichotewe maji, asisalimiwe, asipewe moto. Viberiti vyote vya kijiji vilishakusanywa, kwa hiyo kunyimwa moto si maneno tu. Mama mzee anakula unga mbichi uliolowekwa.

Na kwetu, iwe Meru iwe Embu, moto si kitu cha kunyimana. Mtu akihamia mahali, jirani humpa kaa la kwanza, na hapo anakuwa mtu wa mahali hapo. Anayenyimwa moto ni mtu aliyetupwa. Chifu anajua hayo. Alichagua vizuri.

Nilikuwa nimesimama na karani wa kijiji nilipoona. Mwanamke akapita katikati ya nyumba, mchana kweupe, amebeba kigae cha chungu chenye makaa. Hakuharakisha. Akafika kwa Rwamba, akainama mlangoni, akaingia, akatoka na kigae kitupu. Wale wanawake wengine wakainamisha vichwa wote kwa pamoja. Karani akaanza kukohoa na kutazama mlima.

Nikamuuliza huyo ni nani. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba ni Marigu. Mjane. Mumewe ndiye yule homgadi aliyeuawa.

Sijui nilirudije Embu. Ni mara ya kwanza mwaka huu kuona kitu ambacho hakinuki.

Alhamisi, 10 Machi

Nimeandika. Mara moja, bila kufuta. Sijaweka jina. Sijaweka kijiji. "Mwanamke mmoja wa wilaya hii," basi. Nimeeleza kigae, nimeeleza mwendo wake, nimeeleza kwamba alifanya hivyo kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshinda chuki. Amri ya chifu nimeipita kwa mbali, nimesema tu kwamba yule mama alikuwa "ametengwa na wenzake". Ni kitu bora nilichowahi kuandika na najua.

Hofu ipo. Lakini bila jina nani atamjua?

Bwana Miwani amesoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta. "Hii iko mzuri sana," akasema. Sikupenda jinsi alivyosema.

Jumamosi, 12 Machi

Gazeti limetoka.

Kichwa cha habari, herufi kubwa: MJANE WA HOMGADI AMSAMEHE MAMA WA GAIDI. Chini yake: kijiji kipya cha Runyenjes, alichokijua kwa kusoma pasi yangu. Ndani ameongeza mstari kwamba mume wa mjane huyo aliuawa mwaka jana akilinda kijiji.

Mjane wa namna hiyo pale ni mmoja. Afadhali angeweka picha yake.

Nilikwenda mezani kwake. Akaniambia msomaji anataka kujua wapi, na kwamba huu ni ushindi, Nairobi wataupenda. Anaamini hasa. Ndilo linalonitapisha. Angekuwa mwongo tu ningemwelewa.

Jumapili, 13 Machi

Kanisani mhubiri amesoma makala yangu madhabahuni. Watu wakalia. Walinishika mkono wakitoka, mama mmoja akanibariki. Nikatabasamu. Nilikuwa nataka kukimbia.

Homgadi watatu waliokaa nyuma hawakunishika mkono.

Jumanne, 15 Machi

Wamemchukua Marigu.

Jana asubuhi. Karani wa kijiji kapita ofisini akajifanya ameleta habari za kahawa, akaniambia mlangoni. Chifu alisomewa gazeti Jumamosi jioni. Mwanzo alicheka kwa kuona kijiji chake gazetini. Kisha mtu akamweleza maana yake: amri yake imevunjwa na mwanamke, mchana kweupe, na wilaya nzima sasa inajua. Akakasirika mpaka akapiga teke kiti. Marigu yuko kituoni. Ijumaa lori linapeleka wanawake kambini, na yeye yumo. Mtu akienda kule harudi upesi. Ana wasichana wawili, mmoja bado ananyonya. Wameachwa kwa jirani anayeogopa hata kuwafungulia mlango.

Nilikwenda kwa Bwana Miwani. Nikamwambia: ni gazeti letu lililomfunga. Akasema hii kazi ya chifu, yeye hawezi kuingilia, bwana wa wilaya hapendi magazeti kuingilia. Nikamwambia basi tuandike kwamba amekamatwa. Akanitazama kama ninayeumwa. "Hapana. Hiyo si habari njema."

  

Jumatano, 16 Machi

Naandika polepole. 

Nilikwenda Runyenjes kituoni. Sajini mwenye kituo anajulikana mpaka Meru. Anapenda kuwapiga watu magotini. Wale wanne wa mtoni ni kazi yake. Nilikwenda bila mpango wowote, roho mkononi, na kofia yangu ya kanisani kichwani.

Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Kianjai, Tigania.  Akauliza ukoo. Nikamtajia. Akainuka kwenye kiti. Akanitajia wake kwa Kimeru, pole pole, na jina lake, M'Rimberia, na jina la baba yake.

 Ukoo wake na ukoo wetu ni gichiaro. Babu zetu waliapa kwa damu zamani sana, hakuna anayekumbuka kwa nini, labda ni vita, labda ni njaa. Babu yangu alinifundisha sheria zake kabla misheni haijanifundisha kusoma. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, hukatai. Humdanganyi. Humwagi damu yake. Ukivunja, mwili wako unaoza ukiwa hai na watoto wako wanafuata. Misheni walituambia ni ushenzi. Mimi mwenyewe nimewafundisha watoto darasani kwamba ni ushenzi.

Nikasema: "Mtu wa kwetu, nimekuja kuomba. Kwa gichiaro. Nipe yule mwanamke."

Akatema mate chini. Akafunga macho. Askari wake walikuwa mlangoni hawaelewi Kimeru, wanatazama tu bwana wao anavyokauka.  Kisha akasema:

"Ungeniomba ng'ombe. Ungeniomba hata bunduki yangu."

"Naomba yeye."

"Haya. Chukua."

Alimtoa kabla ya jua kushuka. Chifu aliambiwa kwamba sajini amechunguza na hakuona kesi. Chifu ni chifu, lakini sajini ana bunduki kumi na mbili, kwa hiyo akakubali. Marigu akapita mbele yangu uwanjani. Uso umevimba upande mmoja. Hakunitazama. Sijui kama anajua mimi ni nani. Natumaini hajui.

Nilipopanda baiskeli sajini akanishika usukani. Akacheka. "Na mimi nina ombi. Si leo. Nitakuja mwenyewe."

Nilitumia kitu nisichokiamini kumwokoa mtu niliyemwangusha kwa kitu ninachokiamini. Na kile cha kwanza ndicho kilichofanya kazi.

Ijumaa, 18 Machi

Lori limepita hapa Embu saa tano. Wanawake wamejaa nyuma, wanaimba wimbo wa kanisa. Marigu hayumo. Nilihakikisha.

Wale wengine wamo.

Jumanne, 22 Machi

Sajini amekuja. Viatu vinang'aa mpaka unajiona. Alisimama mezani kwangu mbele ya wapiga chapa, akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya upole kabisa.

Anataka makala. Ukurasa wangu mzima. Kuna cheo kinatafutiwa mtu, na bwana wa wilaya husoma ule ukurasa. Niandike kwamba yeye alimwachilia yule mjane kwa huruma. Kwamba yeye ni mtu wa neema.

"Huwezi kuninyima," akasema. Akanyoosha kidole. "Na huwezi kunidanganya. Ukisema utaandika, utaandika."

Nikasema nitaandika.

Jioni nimekaa nikipekua zile sheria kichwani, moja moja, kama mwizi anayejaribu madirisha. Nisimnyime. Nisimdanganye yeye. Wasomaji hawamo. Babu zetu hawakujua magazeti. Naruhusiwa kudanganya wilaya nzima, nikimwambia kweli yeye tu.

Jumatano, 23 Machi

Nimeandika mara tatu, nimechana mara tatu.

Ya kwanza ilikuwa uongo mtupu. Ya pili ilikuwa na kejeli ambayo Bwana Miwani asingeiona lakini M'Rimberia angeiona, na hapo ningekuwa nimemdanganya. Ya tatu niliandika tu kilichotokea. Alikuwa kituoni. Aliombwa. Alimtoa. Kweli yote, na kila neno linanuka.

Kwa sababu ilitokea! Hilo ndilo siwezi kulimeza. Mkono uleule uliofunga wale wanne mtoni ulifungua mlango ule. Mama amerudi kwa wasichana wake na yule mdogo amenyonya. Nikiwa mwalimu ningesema Mungu hutumia yeyote. Maneno mepesi sana hayo ukiwa na chaki mkononi. Nilipomwona akitema mate pale kituoni sikuona Mungu. Nilimwona mtu aliyeogopa vidonda.

Nimepeleka ya tatu. Nimeficha tu aliyeomba.

Jumamosi, 26 Machi

Imetoka. Kichwa cha habari si changu: NEEMA YA SAJINI.

Bwana Miwani amenipiga bega mara mbili. Nimevishwa kilemba cha ukoka na nimekivaa. Anasema Nairobi wameomba nakala. Anasema huenda nikaitwa kule, gazeti kubwa, dawati langu mwenyewe. Mwaka jana ningeuza jino kwa habari hiyo.

Mchana askari akaleta paja la mbuzi kutoka kwa M'Rimberia. Zawadi ya gichiaro hairudishwi. Wala hapewi mbwa. Nimeichoma na kuila peke yangu, mlango umefungwa. Nyama ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Alhamisi, 31 Machi

Baraza Runyenjes. Mvua ilitishia ikakataa. Watu wamekalishwa chini tangu asubuhi.

Bwana wa wilaya alikuja, akamwita M'Rimberia mbele, akamsifu. Karani wa chifu akasoma makala yangu yote mawili kwa sauti. Ya kwanza kwanza. Nilisikia maneno yangu yakipita juu ya vichwa vya wale watu: moyo wake ulikuwa umeshinda chuki. Marigu amekaa mstari wa mbele na mtoto mgongoni. Nilimtazama wakati mstari ule unasomwa. Alikunja uso kidogo kama anayesikia habari za mtu mwingine.

Kisha akaambiwa asimame ashukuru. Akasimama. Uvimbe umepungua. Akasema, "Nashukuru sajini. Nashukuru serikali." Akakaa. Watu wakapiga makofi kwa sababu homgadi walikuwa wanatazama mikono yao.

Sikuwahi kuona kitu kichafu namna hiyo mchana, na kila sehemu yake nimeiandika mimi.

Halafu jambo la kipumbavu kabisa. Chifu hakupenda. Ukurasa mzima wa sajini, makofi yote ya sajini, na yeye je? Akainuka, akavuta koti, akatangaza kwamba na yeye ana huruma. Kuanzia leo amri juu ya Rwamba imeondolewa. Apewe maji, apewe moto, asalimiwe. Kisha akanielekezea fimbo pale nilipokaa na wazungu: "Wewe wa gazeti! Andika hiyo pia!"

Kicheko kikapita. Kidogo, kikafa. Lakini wanawake watatu waliinuka pale pale bila ruhusa wakaenda kule ukingoni. Niliwaona. Mmoja alikuwa anakimbia.

Kwa hiyo mama mzee leo amekula chakula kilichopikwa. Kwa wivu wa chifu, kwa tamaa ya sajini, kwa upumbavu wa mzungu, na kwa majivuno yangu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemtakia mema Rwamba siku ile. Nimekaa hapa natafuta mahali pa kuweka jambo hili na sipati. Nataka kukasirika tu. Sipewi hata hilo kwa ukamilifu.

Jumatatu, 4 Aprili

Nimemwambia Bwana Miwani ukurasa ule siandiki tena. Nairobi siendi. Nitaandika bei ya kahawa, mvua, ng'ombe waliopotea. Akafikiri nataka nyongeza. Nilipokataa nyongeza akakasirika kweli. Anasema ninaweza kupelekwa Kiambere kuhesabu mbuzi wa Wambeere kwenye jua. Nikasema mbuzi sijawahi kuwaandika vibaya.

Hakucheka. Ukurasa amempa kijana wa misheni ya Chuka. Kijana ana furaha. Ameniuliza visa vya neema hupatikana wapi. Sikumjibu vizuri na najuta, hana kosa.

Jumamosi, 9 Aprili

Mvua imeshuka tangu Alhamisi. Kesho Pasaka.

Nilipata pasi ya siku moja, nikaenda kule juu. Wanaruhusiwa mashambani mpaka saa tisa. Marigu alikuwa akipanda njahi, maharagwe meusi ya huku, mtoto kamlaza kwenye majani chini ya kahawa, yule mkubwa anamlinda. Rwamba alikuwa kwenye mstari wa mbali na kijiti cha kutobolea mashimo. Hawakuwa wanaongea. Walikuwa wanapanda shamba moja tu.

Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika. Nilitaka kusema na mengine, yote, kituoni na kila kitu. Akainua mkono.

"Najua wewe ni nani, mwalimu. Karani aliniambia zamani. Chukua jembe, basi, mvua haikungoji."

Nikavua koti. Tulipanda mstari baada ya mstari. Udongo mweusi, unashika nyayo za miguu. Kisha akasema, bila kusimama:

"Ulisema moyo wangu umeshinda chuki. Nani alikuambia?"

 Hakuna aliyeniambia. Nilimwona kutoka mbali nikaandika mpaka ndani ya kifua chake. Wilaya nzima inajua kwa nini Marigu alipeleka moto, ila mimi sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo nikamuuliza.

Aliegemea jembe. Akamtazama yule mama mzee pale mbali, akaniambia. Maneno machache, na mengine ni ya aibu yake mwenyewe, na mengine ni ya mumewe. Hayafanani na nilichoandika. Si mazuri kama nilichoandika. Alipomaliza akarudi kwenye mstari wake.

Siyaandiki, hata hapa. Tulimaliza shamba kabla ya saa tisa.